Kufuli Lililomfungia Mama Nje

Katika hafla ya kuniaga kazini, mgeni rasmi alisimama akaueleza ukumbi mzima kwamba mimi ndiye afisa "aliyepiga marufuku tableti za watoto Koboko." Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimeketi meza ya mbele, na keki ambayo tayari ilikuwa imekatwa na mtu mwingine, na adabu ya shughuli haikuniruhusu kusimama kumsahihisha. Sikupiga marufuku kitu chochote. Tableti moja, ya mtoto mmoja, ilikaribia kuondolewa, na kazi yangu ilikuwa kuzuia isiondolewe. Kwa kuwa maneno ya mgeni rasmi yameanza kunukuliwa na watu ambao hawakuwapo, naandika haya kwa ajili yenu mnaoketi sasa katika ofisi za ustawi wa watoto, Arua na Koboko, ili jambo hili likae sawasawa.

Jina langu ni Candiru. Nilizaliwa Vurra, upande wa Uganda, kando ya barabara iendayo Aru, Kongo, na Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa kile cha malori na kambi, ambamo kila kitu kilichopo ni "iko". Chuo nilisomea Tanzania, ambako mwalimu mmoja alinirudishia insha nzima niiandike upya kwa ajili ya "mutoto yangu". Tangu hapo naandika kama nilivyofundishwa na nasikiliza kama nilivyozaliwa. Maneno ya watu nitayaweka kama walivyoyasema. Kumsahihisha shahidi ni njia mojawapo ya kumpotosha.

Siku yangu ya kwanza, katika ofisi ya Arua, sikupewa meza. Mzee Onzima, afisa aliyenipokea, alinipa kigoda. Kilikuwa kifupi, cha mbao, kimechakaa kwa kufungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki ya ofisi miaka mingi. "Ofisi yako iko hii," alisema. "Mutoto hapana sema kweli na mutu ambaye naangalia yeye kutoka juu." Alikuwa Mlugbara mwenye sauti ndogo na mashati yaliyopigwa pasi hadi yangeweza kusimama yenyewe, na sikuwahi kumwona akiandika mbele ya mtoto. Alisikiliza, akashukuru, akaenda kuandika kwenye baraza ya duka la jirani. Nilidhani ni mbwembwe za uzee. Baadaye niliona kwamba watoto hawakumkimbia yeye. Walinikimbia mimi niliyetembea na faili kifuani kama ngao.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya kibanda cha video huko Oli, mtaa mmojawapo wa Arua. Enzi hizo picha za mapigano zilionyeshwa katika vibanda vya matete, na mfasiri aliketi kando na kipaza sauti akizitafsiri na kuongeza matusi ambayo waigizaji hawakuyasema. Watoto walikuwa wakitoroka shule kwenda kumsikiliza. Nilifika na barua yenye muhuri, nikamwamuru mwenye kibanda aweke mtu mlangoni wa kuzuia watoto. Alitii, hata akaandika katazo mlangoni kwa rangi nyekundu. Nilirudi ofisini kama jemadari. Mzee Onzima alinipandisha nyuma ya pikipiki, tukarudi Oli, akanipeleka upande wa nyuma wa kibanda. Migongo ya watoto ilikuwa imepangwa pale kama samaki kwenye kibao cha sokoni, kila mmoja na tundu lake.

"Binti," akasema, "wewe kwisha funga mlango. Lakini ukuta iko ya matete."

Kisha akaweka kigoda chini, akakaa, akawauliza watoto kibanda kile kinawapa nini. Hakuwauliza kwa nini ni wakorofi. Mmoja alisema nyumbani kwao kunafungwa hadi mama arudi kutoka sokoni, na humu ndani kuna watu. Wengine wakaitikia. Basi. Walichokuwa wakikitafuta zaidi ya mapigano kilikuwa mahali pa kukaa. Tuliomba darasa moja la shule ya karibu liachwe wazi mchana, na matundu ya matete yakapungua watazamaji. Kanuni ya mzee Onzima naiandika hapa kwa maneno yangu, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kanuni: kabla hujamwondolea mtoto kitu, jua kwanza kitu hicho kinamfanyia nini.

Nilipelekwa pia Vurra, mpakani, kusaidia pale watoto walipovuka bila karatasi. Siku moja mwanamke kutoka upande wa Kongo alizuiliwa na mtoto mdogo mgongoni. Karatasi hakuwa nazo. "Huyu mutoto ya dada yangu," alirudia, "ni mimi nalea, mutu yote anajua." Afisa kijana wa mpakani alitaka jina la baba, muhuri wa chifu, na mambo mengine ambayo yeye mwenyewe, nina hakika, hakuwa nayo nyumbani kwake. Mzee Onzima, aliyekuwa amekuja kukagua kazi yangu, alikaa kwenye kigoda akamwuliza mtoto, "Nani aliogesha wewe leo asubuhi?" Mtoto akamgeukia mwanamke, akamshika sikio. Tuliandika barua, wakapita. Swali hilo nililibeba miaka yote iliyofuata kama fundi anavyobeba bisibisi yake nzuri. Mtaona lilivyonifia mkononi.

Nilipohamishiwa Koboko, mzee Onzima alikuwa amekwisha kustaafu, na kigoda kikawa changu. Vibanda vya matete vilikuwa vimetoweka. Sasa kibanda kilikuwa mfukoni mwa kila mtu. Tuliitwa kwenye semina moja Arua, tukafundishwa kwamba wazazi wahimizwe kuweka vidhibiti katika simu na tableti, ili mtoto atazame video zinazomfaa tu. Mtoa mada alionyesha picha ukutani: baba, mama, watoto wawili, sofa. Ukumbi mzima uliandika. Hakuna aliyeuliza ni nani hasa huyo "mzazi" anayeshika namba ya siri, katika wilaya ambazo nusu ya wazazi wako Juba, Bunia au kaburini. Nilinyosha mkono. Muda ukawa umekwisha, tukaitwa kwenye chakula. Nasema wazi kwamba jambo hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Sasa nafika kwenye tableti yenyewe.

Taban alikuja ofisini kwangu Koboko asubuhi, macho mekundu, ameibeba ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba nyoka aliyeuawa. Nilimjua kwa sura. Aliuza vipuri vya pikipiki, na baba yake alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyeheshimiwa mtaani.

"Madam, hii kitu iko naharibu mutoto. Mimi nataka wewe andika karatasi, serikali naondoa."

"Serikali haiondoi tableti, bwana Taban. Mtoto ni nani?"

Mtoto alikuwa Saida, binti wa dada yake Mariam. Baba wa Saida alifariki mtoto akiwa mchanga. Mariam alikwenda Juba kutafuta riziki, akafungua mgahawa mdogo, akamwacha Saida kwa mama yake, Hajati Zainabu, ambaye pia ndiye mama wa Taban. Wote waliishi katika boma moja. Tableti ilitumwa na Mariam kwa dereva wa lori. Na sasa, Taban alisema, Saida ameona video: sungura wa katuni anayeimba nyimbo za kuhesabu, halafu sungura huyo anachunwa ngozi akiwa hai, akiendelea kuimba. Tangu siku hiyo mtoto haendi msalani peke yake, darasani anaziba masikio, na kuhesabu ameacha kabisa.

"Dada yangu nakimbia, naacha mutoto, halafu natuma shetani ndani ya boksi," Taban alisema. "Kama wewe hapana andika, mimi navunja na nyundo. Leo."

Nilimwomba anipe nafasi ya kufika nyumbani baada ya sala ya alasiri, na nyundo ibaki dukani. Alikubali kwa shingo upande, lakini tableti aliondoka nayo.

Wenzangu vijana, nyumba ya Wanubi, kama ile ya akina Taban, haiingiwi kama kituo cha polisi. Viatu hubaki nje. Chai huja kwanza, na chai ikija, mazungumzo ya kazi hungoja. Nilikaa juu ya kigoda changu, jambo lililomchekesha Hajati Zainabu sana, kwa kuwa mkeka ulikuwapo na viti vilikuwapo.

"Mama wa serikali nakuja na kiti yake!" aliita jikoni. "Wao naogopa mikeka yetu iko na kunguni!"

"Hajati, mimi ni mfupi, nimezoea," nilisema.

"Hapana, wewe iko mzuri. Kunywa chai."

Saida alikuja kusalimia, akapiga goti kidogo, akakaa nyuma ya bibi yake. Alikuwa na umri wa kumaliza darasa la tatu, na alikwisha kujifunza namna ya kutazama wageni bila kuwageuzia uso. Nilimwuliza Hajati tableti hii inawafanyia nini humu nyumbani. Swali hilo nililiuliza kama nilivyolisikia Oli.

Hajati aliweka kikombe chini. "Inaleta Mariam," alisema.

Ikaelezwa hivi. Kupigiana simu kulikuwa kugumu: mgahawa hujaa saa ambazo Koboko kuna mtandao, na mtandao huondoka saa ambazo mgahawa hutulia. Kwa hiyo Mariam, kwa msaada wa mteja wake mmoja, alifungua chaneli ya video mtandaoni ya kutangaza chakula chake. Huonyesha anavyomimina kisra, ule mkate mwembamba wa Sudan, juu ya bamba la moto, anavyopika bamia, anavyochambua mboga. Na mwishoni mwa kila video, wakati wateja wengine wamekwisha kuacha kutazama, husogea karibu na kusema neno moja au mawili kwa mwanawe. Kila alasiri bibi na mjukuu walikaa kwenye mkeka kumngoja afike mwisho wa kupika.

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na naomba lieleweke kabla sijaendelea. Taban alitaka kuvunja kifaa. Saida angepoteza njia pekee ya kuuona uso wa mama yake.

Nilimwomba Taban awashe tableti. Hapo nikaona jambo la kushangaza: vidhibiti vilikuwapo. Taban, si mzembe kama nilivyokuwa nimeanza kumdhania, alikwisha kwenda kwa fundi wa simu mjini wiki tableti ilipofika. Fundi aliweka programu ya watoto, akaifunga ionyeshe video za umri mdogo pekee, na akaunti ya mzazi ikasajiliwa kwa jina la Taban, kwenye simu ya Taban. Kila kitu kama semina ilivyoagiza. Basi sungura alipita wapi?

"Nionyesheni," nilisema, "kama siku zote mnavyofanya. Msinionee haya."

Hajati alichukua tableti, akabonyeza alama ya kufuli iliyo pembeni. Kioo kikauliza, ili kuthibitisha kwamba anayegusa ni mtu mzima: saba mara nane ni ngapi?

Hajati hakusita. "Saida! Kuja jibu."

Saida akanyosha kidole juu ya bega la bibi yake, akabonyeza hamsini na sita. Mlango ukafunguka.

Waliotengeneza kufuli lile waliamini kwamba katika kila nyumba duniani mkubwa ndiye aliyesoma na mdogo ndiye asiyejua hesabu. Hawakuwahi kukutana na Hajati Zainabu, ambaye alilea watoto akiwa uhamishoni na kuzika mume bila kukaa darasani hata siku moja, wala na Saida, mwenye kulijua jedwali la kuzidisha hadi kumi na mbili. Katika boma lile kufuli lilikuwa likimzuia bibi na kumpisha mtoto.

"Hajati, kwa nini mnapita hapa? Upande wa ndani video za watoto zimo."

"Ndani Mariam hakuna!" Alishangaa kwamba nauliza. "Siku kijana ya simu nafunga, Mariam napotea. Huyu mutoto nalia siku mbili, nasema mama kwisha kufa, nyinyi naficha mimi. Mimi nafanya nini? Mimi natoa yeye nje, apate mama yake."

Sasa mnyororo wote ulionekana, na nauandika kwa mpangilio kwa sababu umesimuliwa vibaya mara nyingi. Chaneli ya Mariam ni ya mapishi na biashara. Haikuwekwa alama ya kuwa ya watoto. Kufuli lilipofungwa, lilimfungia mama nje. Bibi akafungua kwa hesabu za mjukuu, wakampata mama upande wa wakubwa. Video ya Mariam ilipokwisha, upande ule hauna subira: huanzisha nyingine wenyewe, bila kuuliza. Hajati huenda jikoni, mtoto hubaki amekaa, na baada ya mama yake akaja sungura.

Taban alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuza uso. "Mama, wewe hapana niambia."

"Wewe iko nauliza? Wewe nasema tu Mariam nakimbia, Mariam nakimbia. Mutu naambia nani?"

"Kwa hiyo kosa iko yangu!"

"Kosa iko ya sungura," Hajati alisema, na hata Saida akacheka. Taban hakucheka.

Dawa ya kiufundi haikuwa ngumu, nami naitaja kwa faida yenu. Swali la hesabu huweza kuondolewa, na badala yake ikawekwa namba ya siri. Kutafuta video kwa kuandika maneno huzimwa. Kuanza kwa video inayofuata yenyewe huzimwa pia, na hili msilisahau kamwe. Madhara mengi niliyoyaona yaliingia kwa mlango huo. Historia ya kutazama iachwe, ili mkubwa aone mtoto alipita wapi. Video mbaya iripotiwe, isifutwe tu kwa hasira. Na zaidi ya yote, chaneli moja ya upande wa wakubwa huweza kuingizwa kwa mkono ndani ya upande wa watoto, kama mzazi mwenye akaunti akiiruhusu. Mariam angeweza kuingia.

Lakini mzazi mwenye akaunti alikuwa Taban. Angeweza kumwingiza dada yake leo, na kesho, wakigombana, kumtoa kwa kidole kimoja. Nilisema akaunti ihamishiwe kwa Mariam mwenyewe. Ana simu nzuri, na kwa kuwa kazi hii hufanyika mtandaoni, anaweza kuifanya akiwa Juba.

"Hapana," Taban alisema. "Nani nalisha huyu mutoto? Nani nalipa shule? Mariam iko mbali nafanya video, halafu simu yenyewe nasema yeye iko mzazi? Na mimi iko nani? Boda?"

Sikuwa na amri ya kumlazimisha. Ofisi yetu ina sheria ya kumwondoa mtoto kwenye hatari. Haina sheria ya kumwondoa mjomba kwenye mipangilio ya tableti. Alikwisha kuichukua kutoka mikononi mwa mama yake, na mfuko wa plastiki ulikuwa wazi. Saida aliacha kucheka. Alikuwa akiutazama ule mfuko.

Hapo nikachomoa bisibisi yangu. Nilisogeza kigoda karibu na mtoto, nikamwuliza kwa upole, "Saida, nani alikuogesha leo asubuhi?" Nilikuwa na hakika ya jibu. Angesema "habuba", yaani bibi, kwa jinsi Wanubi wanavyomwita. Hajati angepata sauti, na Hajati alikuwa upande wangu.

Saida alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi naoga mwenyewe," alisema. "Mimi mukubwa."

Hajati alijifunika mdomo kwa ushungi. Miaka yote ile swali lilinifaa kwa watoto wa mgongoni. Sikuwa na jingine tayari, kwa hiyo niliuliza ambalo sikujua jibu lake, na tangu hapo nimeamini kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo pekee yenye thamani.

"Basi ukiogopa, unamwita nani?"

Hakufikiri. Alinyosha kidole mlangoni. "Anko Taban."

Hapo nikaelewa kwa nini yule mtu alikuja ofisini na macho mekundu, na kwa nini alitaja nyundo. Ni yeye, kama Hajati alivyonieleza baadaye, aliyekuwa akimsindikiza mtoto msalani na kusimama nje akiimba ili ajue bado yupo. Ni yeye aliyekuwa akimbeba sungura yule kila siku, na hakuna aliyemwambia ahsante, wala mimi, niliyekuwa nimemwandika moyoni kama mshtakiwa.

Taban alikohoa. Alikaa kwenye mkeka, tableti mapajani. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaitazama muda, akapiga.

Iliita sana. Nyuma ya sauti iliyopokea kulikuwa na vishindo vya sahani.

"Taban?" Sauti ya Mariam ilitoka juu, imekauka. "Nani kufa? Mama?"

"Hapana mutu kufa."

"Saida?"

"Mimi nasema hapana mutu kufa! Mimi siwezi piga simu tu?"

"Wewe tangu lini napiga simu tu?"

Hajati alinong'ona kwamba huo ni ukweli mtupu. Taban aliweka sauti kubwa ili wote tusikie, akaeleza habari ya sungura kwa maneno machache, bila kuongeza wala kupunguza, jambo ambalo kama mtunza kumbukumbu nililiheshimu. Upande wa pili sahani zilinyamaza. Mariam hakujitetea. Aliuliza tu, "Mimi nafanya nini?"

"Madam wa serikali iko hapa. Yeye nasema wewe kuwa mzazi ya simu." Taban alinitazama, akamtazama Saida. "Sawa. Wewe kuwa mzazi ya simu. Mimi nabaki mzazi ya sungura."

Ilituchukua alasiri yote, maana mtandao ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa. Niliwasha mtandao wa simu yangu, tukauelekeza kwa tableti. Taban alijiondoa katika akaunti kwa kidole chake mwenyewe. Nilisisitiza hivyo, isije ikasemwa baadaye kwamba serikali ilimwondoa. Mariam alithibitisha Juba kwamba yeye ndiye mzazi, akaweka umri wa kweli wa mtoto, akazima alichopaswa kuzima, akairuhusu chaneli yake. Akaulizwa pia na programu saa ya tableti kujifunga jioni. Alisita. "Mama, sasa nyinyi nakula saa ngapi?" aliuliza. Hakuijua tena saa ya chakula cha nyumbani kwao. Hajati alimwambia, naye akaiandika.

Ikabaki namba ya siri, ya kutumia Koboko kukiwa na dharura. Tulikubaliana aishike Hajati. Herufi hazijui, lakini tarakimu anazijua kwa miaka yake ya sokoni. Mnawaonya wazazi, natumaini, wasitumie mwaka wa kuzaliwa. Hajati hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa, kwa hiyo katika hilo alikuwa salama kuliko wasomi wengi. Alituamuru sote tugeuke tutazame ukuta, pamoja na Taban, pamoja nami, akaibonyeza polepole huku akinong'ona. Mpaka leo siijui, na sijaiuliza.

Kabla sijaondoka, Saida alifungua upande wa watoto. Mariam alikuwamo, kati ya katuni za herufi na nyimbo za shule, na bamba lake la kisra. Alitazama hadi mwisho kabisa. Mama yake alisogea karibu, akafuta jasho, akasema, "Saida, kula. Usichezee chakula." Video ikaisha. Kioo kikatulia. Hakuna kilichofuata.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Hakuna marufuku humo. Taarifa yangu ya wakati ule ilisema hivyo hivyo, kwa maneno makavu zaidi, na ingetosha kama mgeni rasmi angeisoma.

Baada ya kustaafu nilirudi Awindiri, mjini Arua, ninakoishi, lakini mwezi uliopita nilipita Koboko kwa msiba nikafika kwa Hajati kutoa salamu. Kigoda sikuwa nacho. Nimemwachia kijana aliyenirithi. Nilikaa mkekani. Saida amerefuka, anahesabu tena, na msalani anakwenda mwenyewe, ingawa niliambiwa kwamba Taban bado huimba akipita karibu, kwa mazoea. Watoto wa jirani walikuwa wamejazana kutazama tableti. Mariam alikuwa kwenye kioo, katikati ya kupika bamia, na Hajati mwenyewe alikuwa amesogea mbele kuliko watoto wote.

Ghafla kioo kikafifia. Ikatokea picha ya mwezi na maneno kwamba muda umekwisha.

"Aaa!" watoto wakalia. "Saida, fungua!"

Saida alisimama. Sijawahi kumwona mtoto aliyekatazwa kitu akiwa na uso wa fahari kama ule. "Haifunguki," aliwaambia. "Mama yangu kwisha funga. Mama yangu nasema twende kula."

Aliitamka "mama yangu" kama wale watoto wengine wanavyoitamka kila jioni, wanapoitwa kutoka mchezoni, wanaponuna, wanapokwenda.

Hajati alibaki amekitazama kioo cheusi. "Angalia hii," aliniambia, amekasirika kweli au anajifanya, sikuweza kujua. "Mimi nazaa yeye, mimi napeleka yeye mgongoni mpaka Sudan na kurudi, sasa yeye iko Juba nafungia mimi!"

Namba ya kufungua ilikuwa kichwani mwake, na hakuna mwingine aliyeijua. Alikunja mkeka, akaenda kupakua chakula.